Kinole kwa Baiskeli

Wasafiri wengine huondoka nyumbani ili waione dunia. Mie niliondoka Temeke kumfuata mke wangu, Zena. Siku moja, mbele ya wageni, niliiita milima ya kwao vichuguu, nikasema mtu mwenye baiskeli nzuri anaipanda kabla chai yake haijapoa. Sie Wanyamwezi tumezaliwa kwenye tambarare na mlima tunaujua kwa kusimuliwa, lakini mdomo haulipiwi kodi. Wageni walipoondoka Zena alifunga kanga zake, akanivuta mkono hadi kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, akasema mbele yake, nikisikia kwa masikio yangu haya:

"Nakwenda kwetu Kinole. Nitarudi siku atakayofika kwa baiskeli. Kwa baiskeli, siyo kwa mdomo."

Nilikaa nikijifanya sijali. Nilipochoka kula ugali wa kuungua nikiwa peke yangu, niliitia baiskeli mafuta nikaipandisha juu ya basi la Morogoro. Nilijiambia basi halina ubaya, maana nilichojisifia ni mlima.

Morogoro, alfajiri. Nilitoka mjini nikipiga kengele bila sababu. Barabara ilikuwa ya vumbi lakini laini, na Uluguru ilikaa mkono wa kulia ikiwa imejifunika mawingu, kwa hiyo sikuiona vizuri. Laiti ningeiona ningerudi.

Kiroka, jua likianza kuchoma. Watu walikuwa shambani, na mwenyekiti wa kijiji akasimama katikati ya njia. Nilimweleza kwamba nina haraka, ndoa yangu iko mlimani. Alinisikiliza kwa huruma, kisha akanipa jembe. Siku ya shamba la ujamaa, alisema, mtu mzima hapiti akitazama wenzake. Nikalima. Baada ya muda alirudi, akaitazama baiskeli yangu iliyoegemea mti, akasema nayo ina nguvu zake na haifai ikae bure ikinyonya jasho la wengine. Wakaifunga machipukizi ya migomba, ikapelekwa na kurudishwa, kupelekwa na kurudishwa, mpaka ikaanza kulia kwenye cheni. Adhuhuri walitupa ruhusa. Mie nilipewa muhogo wa kuchemsha, baiskeli ikapigiwa makofi.

Baada ya Mkuyuni, mlima. Nitasema ukweli: pale mwanzo nilikanyaga pedeli nikiwa nimesimama wima, nikavuka kona ya kwanza, na kwenye kona ya pili cheni ikakatika. Nikashuka nikasukuma. Jasho liliniingia machoni, mawe yakateleza chini ya viatu, na kila kona niliyodhani ya mwisho ilikuwa na dada yake nyuma.

Ndipo nikakutana na akina bibi watatu wakishuka na ndizi kichwani. Niliwaamkia shikamoo. Walipoisikia lafudhi yangu wakaniuliza kabila, nami, kwa uchovu, nikawaambia. Wakatua ndizi zao chini kwa furaha. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani akikupata peke yako njiani huna pa kukimbilia wala ruhusa ya kununa.

Bibi mmoja, mrefu, aliishika cheni iliyokatika, akaniuliza marehemu kafariki saa ngapi. Mie mjinga nikajibu, sasa hivi. Kusikia hivyo wakaketi wakaangua kilio. Walimlilia marehemu kwa sifa zake zote, kwamba alikuwa mweusi, mwembamba, hakuwahi kumjibu mtu vibaya. Wakadai ubani wa msiba, wakaula muhogo wangu wote. Nilipotaka kuendelea kusukuma, yule mrefu akanizuia.

"Maiti haisukumwi, mtani. Maiti hubebwa. Na babu zako walibeba mizigo toka Tabora mpaka pwani, wewe utashindwa hiki?"

Akanisukia ngata ya majani ya mgomba. Nikaibeba baiskeli kichwani, na wale bibi wakageuza safari yao, wakanifuata nyuma wakiimba nyimbo za msiba. Tuliokutana nao njiani walivua kofia.

Kinole, jioni. Mjomba wake Zena, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, alikuwa barazani. Zena alisimama mlangoni, amekonda kidogo. Nilitaka kumgeukia nimwite jina lake lakini shingo ilikuwa haigeuki. Mjomba aliuliza nimefikaje. Bibi mrefu akatoa ushahidi kwamba baiskeli ndiyo iliyompanda mtu, na wenzake wakaapa.

Mjomba hakucheka. "Mkwe, sharti nalijua. Umekuja kwa baiskeli, au umekuja na baiskeli?"

Kiswahili changu cha mjini kingeweza kunisaidia hapo, lakini sikuwa na pumzi ya kudanganya.

"Na baiskeli, mjomba," nikasema. Niliona nimempoteza mke wangu, na machozi yalinitoka huku nimebeba tairi mbili kichwani, wala mikono ya kuyafutia sikuwa nayo.

"Ndivyo nilivyosema," Zena akasema kutoka mlangoni. "Nilisema afike na baiskeli. Mtueni mzigo."

Kesho yake, mteremko. Kushuka hakuhitaji cheni. Zena alikaa kwenye keria ya nyuma na kanga zake, bibi mrefu akatusukuma akitutakia mazishi mema. Nilibana breki kwa mikono miwili, na mabonde yote yalikuwa wazi asubuhi ile, makubwa, ya kijani. Siyo vichuguu. Nilimwambia hivyo. Halafu, kwa kuwa mjinga haponi kwa siku moja, nikamwambia mie nilimsikia vizuri siku ile kwa mjumbe.

"Ulisema kwa, Zena."

Tukakata kona moja.

"Nilisema kwa," akajibu. "Kama hukuridhika, nirudishe juu."

Nikaachia breki.