Vyuo Viwili Juu ya Meza ya Pasi

Bega la kulia la Mama Pasi lilikuwa linaamka kabla ya mwenyewe. Yeye bado yumo usingizini, lenyewe limeshaanza kulalamika, na likianza hakuna kulala tena. Basi huinuka, akabandika maji ya kulowekea, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akingoja yashike moto.

Alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, marobota ya nguo za watu mpaka dirishani. Chumba cha nyuma alilala yeye na binti yake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Fyuzi, kwa sababu tangu mdogo alikuwa akizifungua zile pasi zikifa na kuzirudisha zikiwa hai.

Wiki ile Fyuzi alikuwa ameitwa na vyuo viwili, vyote vya uhandisi, na ilipasa ajibu isizidi Ijumaa. Kimoja ni chuo kikuu, mbali, miaka minne, ada inayomeza, na mkopo ungefunika nusu tu. Mwishoni digrii. Cha pili ni chuo cha ufundi, cha kwenda kwa miguu, miaka mitatu, ada ya kujibana ukaiweza. Mwishoni diploma. Kila mtu alijua kwamba nusu isiyofunikwa na mkopo ingetoka kwenye lile bega.

"Dada, mbona unajisumbua?" alisema mjomba wa Fyuzi, dereva wa lori, aliyepita Jumatatu kuleta mashuka yake. "Ukienda kununua kitanda unanunua cha miguu mitatu? Mpeleke chuo kikuu. Injinia ni injinia."

"Na ada utalipa wewe?"

"Mimi nitamwombea."

"Haya, na mashuka haya nitayaombea. Yatatakata yenyewe."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Lakini hakusema atalipa.

Mama Pasi hakuwa mtu wa kuulizauliza watu. Alikuwa na njia yake. Kabla ya kuloweka nguo, huikagua: anapindua mifuko, anafungua kola, ananusa kwapa. Kwa kazi hiyo alijua nani ameacha pombe, nani amepandishwa cheo, nani analala kwa mwingine. Hakusema, ila alijua. Na kwa njia hiyohiyo alikuwa amekwisha kuvipima vyuo viwili, bila kufika hata kimoja.

Vijana wa kiwanda cha saruji, waliosoma chuo cha ufundi, walimletea ovaroli kila wiki. Zilikuja nyeusi kwa grisi, ngumu kama mbao, mifukoni chembe za chuma na maganda ya karanga. Aliyevaa nguo ile alikuwa ameshinda kazini. Mwisho wa mwezi walilipa bila kukumbushwa.

Halafu kulikuwa na yule kijana mwenye digrii. Mama Pasi alimwita Shati Moja, lakini moyoni tu. Kila Jumapili alileta shati lilelile jeupe, akisema, "Mama, tafadhali, kesho nina usaili." Kola haikuwa na uchafu wa kazi, jasho la wasiwasi tu. Aliliosha shati lile hadi kitambaa cha mikono kikaanza kuonyesha upande wa pili. Kisha ghafla likakoma kuja. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine.

"Umeona?" alimwambia Fyuzi, huku akinyunyiza maji kwenye suruali. "Yule wa shati jeupe amekata tamaa. Amerudi kwao. Digrii na yeye, wote kwa wazazi."

Fyuzi alikuwa anakunja foronya. "Unajuaje, mama?"

"Nguo haziji. Mtu wa kazi nguo zake huchafuka, mwanangu. Zikichafuka zinakuja hapa."

Fyuzi aliikunja foronya moja, akaikunjua, akaikunja tena.

Jumatano mchana, jua limekaa uani na kamba zote zimejaa, mtu akabisha mlangoni. Shati Moja. Amenenepa kidogo mashavuni, amevaa fulana, kabeba kifurushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe upo! Nikajua umehama."

"Nipo, mama. Nimeleta mapazia. Nimepata nyumba."

Mama Pasi akaweka pasi wima. "Nyumba? Na nguo zako nani anakufulia? Umepata dobi mwingine, sema tu, sitakulaani."

"Wapi! Nimepata kazi, mama, idara ya maji. Nguo za kazi tunafuliwa hukohuko. Ukitoka unavua, kesho unazikuta safi."

Mama Pasi alitazama yale mapazia muda mrefu kuliko yalivyostahili. Mikono yake ilikuwa imesimama, jambo ambalo Fyuzi alikuwa hajawahi kuliona.

"Sasa niambie wewe uliyepita huko," akasema mwishowe. "Huyu binti yangu ameitwa sehemu mbili. Nikimpeleka kwenye digrii, atapata kazi?"

Kijana akakuna kichwa. "Mama, hapo unanibana. Mimi nimepata, ila nimezunguka mpaka soli ikaisha. Niliosoma nao wengine bado wanazunguka. Lakini sasa nimeshaingia, michoro naweka saini mimi. Wale wa diploma kazi wanaijua, pengine kunishinda, ila wanangoja saini yangu. Na wanapata kazi haraka, siyo siri."

"Kwa hiyo kipi bora?"

"Inategemea nani anangoja nyumbani," alisema. Kisha akaona lile bega lililoinama, akaona aibu, akaaga.

Alipoondoka, Mama Pasi alijaribu kupiga pasi shati la mtu, akaipitisha mara mbili mahali pamoja, akaiacha.

"Nilikosea," alisema. "Nilihukumu kwa nguo ambazo hazikuja. Nenda chuo kikuu."

"Mama..."

"Nenda, nimesema. Nitaongeza wateja wa gesti. Shuka hazina mikunjo migumu."

"Wewe jana ulishindwa kuinua karai. Mimi ndiye niliyelinyanyua."

"Jana ni jana."

Fyuzi akaacha kukunja. Alikuwa mrefu kuliko mama yake sasa, na hilo pia lilikuwa limetokea bila mtu kuagiza. "Nilikwenda kuviona vyote viwili," alisema. "Ile siku niliyosema nakwenda kwa rafiki. Chuo kikuu nilipanda basi la alfajiri. Kwenye karakana yao wanafunzi wamepanga foleni kwenye mashine moja ya kukereza vyuma, na fundi anaigusa peke yake, wao wanaandika. Kwenye chuo cha ufundi kila mmoja ana mashine, mikono imejaa mafuta. Mimi nataka kugusa."

"Na ile saini?"

"Saini nitaitafuta baadaye. Watu wa diploma huwa wanarudi kusoma."

"Wangapi hurudi?"

"Sijui, mama."

Mama Pasi alimtazama. Sehemu ya maneno yale ilikuwa kweli. Mtoto huyu kweli alipenda kugusa. Sehemu ilikuwa imeshonwa ili isionekane uzi, na dobi aliyeshika nguo za watu maisha yake yote alijua mahali pa kutafuta mshono. Angeweza kuupindua upande wa ndani. Angeuliza: ni kwa ajili yangu?

Hakuuliza. Uchovu ulikuwa umemshuka kutoka begani hadi kwenye magoti, na ndani ya uchovu ule mlikuwa na nafuu, nafuu kubwa kabisa ya kwamba miaka ni mitatu na siyo minne. Nafuu ile ikamchoma. Aliogopa jibu, na aliogopa zaidi kwamba angelipokea.

"Basi Ijumaa utakwenda ukajiandikishe," alisema.

"Nitakwenda."

"Vaa ile sketi ya bluu. Ilete niipige pasi."

"Nitaipiga mwenyewe, mama. Kaa."

Akakaa. Akaiacha pasi mikononi mwa binti yake, akafumba macho mchana kweupe, huku wateja wakija.