Viroba vya Banio Letu

Perege wa tatu alikuwa na uzi wa buluu tumboni, mrefu kama kidole. Mama aliuvuta kwa ncha ya kisu, akauweka ukingoni mwa sufuria, akaendelea kuparua magamba. Baba ndiye aliyeuchukua. Aliuosha, akautandaza kiganjani, akatoka nao uani penye mwanga.

Ilikuwa Krismasi, katikati ya miaka ya tisini, nyumbani Kilema, mlimani. Samaki walikuwa wameletwa na dada yangu mkubwa, aliyeolewa na mvuvi kule tambarare, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji ya upande wetu wa mlima huishia huko.

Baba alikuwa msimamizi wa mfongo, mfereji unaochepusha maji ya mto kuyaleta kwenye migomba na kahawa. Zamani banio lake, ukuta wa kuzuia maji mtoni yageukie mferejini, lilijengwa kwa mawe, magogo ya migomba na mabonge ya udongo wenye nyasi. Magogo huoza. Kila baada ya majuma machache watu waliitwa msaragambo, wakalijenga upya pamoja, kisha wakanywa mbege, pombe ya ndizi. Bei ya kahawa ilipoanguka, vijana walishuka Moshi kuuza mitumba, kazi ikabaki kwa wazee na akina mama. Ndipo baba alipopata wazo la viroba vya sukari, vile vya nailoni vyenye mstari wa buluu, vijazwe mchanga. Banio likasimama masika mawili bila kuguswa. Alisifiwa hata nje ya kanisa baada ya ibada.

Dada alimfuata uani.

“Usiukodolee macho, baba. Nyuzi hizi sisi tunazitoa kwenye nyavu kila siku. Viroba vyako tunavila huko chini.”

“Basi mnakula sukari ya bure.”

Dada alicheka. Baba hakucheka.

“Na wajukuu zangu wanakula hawa samaki?”

“Sasa wale nini, baba?”

Nilimwambia baba kwamba viroba vya namna ile vimejaa kila soko, na uzi ungeweza kutoka popote. Nilidhani namfariji.

“Vya wengine sivijui,” alisema. “Vyangu navijua.”

Kesho yake nilipanda naye hadi kwenye banio. Alishika kiroba cha juu, akavuta. Kilimeguka. Jua lilikuwa limekila miaka yote ile bila sisi kuona. Vipande vikawa nyuzi, nyuzi zikawa chenga nyeupe kama pumba, na maji yakazibeba kabla hajainama. Cha pili alikivuta taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa. Ikawa vilevile. Alibaki amesimama, maji magotini, mikono mitupu.

Akatega chandarua cha zamani chini ya banio. Kila asubuhi alikikung'uta na kuokota nyuzi, akazitia kwenye kopo la maziwa. Chenga zilipita.

“Mzee, siku hizi unachuja mto kama mbege?” jirani alimtania kutoka ng'ambo. “Utuitie ikiiva!”

Lakini majani nayo yalinasa, na maji yakapungua. Akina mama wa mashamba ya chini walikuja kwanza kwa upole, wakaja tena wakiwa na mboga zilizonyauka mikononi. Katika juma la tatu baba alikitoa chandarua mwenyewe. Kuanzia hapo alilaza magogo ya migomba juu ya viroba, peke yake, ili angalau jua lisivifikie. Magogo yalioza, naye akaweka mengine, hadi miguu ilipomkatalia.

Dada alikuja kumzika bila samaki. Baada ya matanga tulipanda wawili hadi kwenye banio. Magogo yalikuwa yameoza na hakuna aliyeweka mapya. Midomo ya viroba ilichungulia kwenye tope. Dada alinyoosha mkono avute kimoja, nikaushika. Tukiving'oa vitameguka, tukiviacha jua litavimaliza. Aliniuliza baba alikuwa akifanyaje kuvikinga, nikamwambia.

Vilivyobaki tulivihesabu: tisa. Baba alikuwa ameweka arobaini.