Nilimdanganya Wifi Yangu Kwamba Nimepanda Mlima Mtakatifu kwa Miguu

Nimekosa. Tena nilikosa huku nacheka, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Jina langu liacheni, maana hapa Arlington, Texas, Watanzania tunajuana mpaka rangi za magari. Nataka tu nilitapike hili jambo, mtu anisikie.

Nina wifi yangu, dada wa mume wangu, nitamwita Debora. Yeye ni nesi Houston. Mimi niko ofisini, nakaa kwenye kiti kutwa. Tumezaliwa mwaka mmoja, na tangu niolewe tunashindana: mtoto wa nani kaongea mapema, kitenge cha nani kimemkaa, nani kapungua. Kwenye kupungua ananishinda. Anakimbia kila siku, na hawezi kukaa nalo kimya!

Mwaka 2018 tukapata safari ya kikundi kwenda China, katika ukoo mimi na yeye tu. Siku ya nne tukapelekwa Mlima Tai. Jamani, ule mlima! Wenyewe wanauheshimu tangu enzi na enzi. Wafalme wao walikuwa wanaupanda kwenda kuongea na mbingu. Mwongozaji wetu akatusimulia kwamba hapo mwanzo kulikuwa na jitu lililotenganisha mbingu na ardhi. Likafa kwa uchovu, na kichwa chake ndicho kikawa mlima huo. Akasema anayeupanda ataishi miaka mia.

Ngazi za mawe, zaidi ya elfu sita. Niliangalia juu mpaka shingo ikauma, kilele sikioni, kimemezwa na mawingu.

Debora akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Wifi, wewe baki hapa chini tu. Usiutese mwili huo."

Loh! Mbele ya watu!

"Tunapanda wote kwa miguu," nikamjibu. "Atakayechelewa kufika juu atamwamkia mwenzake shikamoo mwaka mzima. Mbele ya ukoo wote."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi anza mazoezi ya kuamkia."

Akanitangulia kama swala. Mimi nusu saa tu, moyo unapiga kama mashine ya kusaga, magoti yanaimba. Nikaketi kwenye ngazi, nikanunua tango kwa bibi mmoja aliyekuwa anauza matango pembeni. Nikalitafuna, nikafikiri. Halafu nikageuka, nikashuka.

Kumbe kulikuwa na basi linalopanda hadi katikati ya mlima, na hapo unaingia kwenye cable car, kile kijumba cha vioo kinachopita kwenye waya. Nikapaa! Misonobari imejishikiza kwenye majabali, mabonde hayana mwisho, ukungu unapita chini ya nyayo zangu. Mtu mwenye moyo safi angelia kwa uzuri ule. Mimi nilikuwa najirekodi kavideo huku nacheka.

Juu kuna lango kubwa, mahekalu, maandishi yaliyochongwa kwenye mwamba, watu wanafukiza ubani kimya kimya. Mahali patakatifu kabisa, na mwenzenu nimekaa pale najimwagia maji usoni yafanane na jasho! Nikampigia simu.

"Wifi, uko wapi? Mimi niko juu langoni."

"Unasema?"

"Nilikupita kwenye lile hekalu la njiani, ulikuwa unapiga picha. Njoo polepole mama, usijiumize."

Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kipande kibaya kuliko vyote, pale ngazi zinaposimama kama ukuta. Kwa hasira, akakimbia. Goti likalia ka! Mwanamume mmoja aliyekuwa anapandisha mizigo mabegani akampa fimbo yake. Debora hakurudi nyuma. Nilimwona akitokea kwenye ukungu ameshika mnyororo wa pembeni: hatua moja, anapumzika. Hatua moja, anapumzika. Midomo imekauka kama chaki.

Aliponifikia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Wakati wa kushuka ikabidi twende na cable car kwa ajili ya goti lake. Nikashika mdomo. "He! Kumbe kuna kitu kama hiki?"

Tuliporudi, Debora alifanyiwa operesheni Houston. Miezi mitatu hakukanyaga kazini. Kila Jumamosi nika-drive masaa manne kwenda kumpikia na kumwogesha, na watu wakanisifu, wifi wa mfano! Kila nikiingia mlangoni ananiamkia kwa heshima zote, mtu wa ahadi yule. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye ile shikamoo ikawa inanichoma kama sindano, lakini sikuacha kuitikia. Kina mama wa kanisa letu wakaniomba nifundishe semina ya uvumilivu. Nikaenda! Nikaongea dakika arobaini bila kumeza mate!

Ikafika Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru. Ukoo mzima tulikutana kwa shemeji yangu, Grand Prairie. Mume wangu, kwa fahari, akachukua simu yangu akaiunganisha na TV ili watu wauone mlima. Mawingu yakapita, majabali yakapita, kila mtu "aaah!" Mama mkwe amekaa mbele, Debora pembeni yake na mkongojo.

Kavideo kakaanza kenyewe. Mimi huyo ndani ya vioo, kipande cha tango mkononi, naangua kicheko: "Wifi anatambaa huko chini kama kobe, mwenzake napaa!"

Nilitamani sakafu inimeze. Binti yangu wa miaka tisa akasema: "Mommy, that's not climbing." Mama, huko si kupanda!

Mama mkwe akaweka sahani yake chini. Mume wangu hakunitazama. Debora akainuka taratibu.

"Zile ngazi nilizimaliza na goti limechanika," akasema, "kwa sababu ya sauti yako kwenye simu." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Miezi minne hakupokea simu yangu. Mume wangu akawa anaongea nami habari za kutoa takataka tu. Nikarudi kwa wale kina mama wa kanisa, nikasimama palepale nilipofundishia, nikawaeleza ukweli. Baadhi walicheka. Mmoja alichukua mkoba wake akatoka.

Halafu siku moja ukaingia ujumbe wa Debora: "Njoo Houston. Vaa raba."

Texas yetu hii ni tambarare, mlima utautoa wapi? Akanipeleka kwenye jengo la kuegesha magari, ghorofa nane. Akakunjua kiti chini kwenye ngazi, akaweka chupa ya chai.

"Elfu sita na mia sita," akasema. "Kushuka hakuhesabiwi. Nahesabu mimi."

Siku mbili, jamani! Asubuhi mpaka jioni! Kufikia elfu moja mapaja yanatetemeka. Kufikia elfu mbili nilikaa ghorofa ya tano nikalia, na si kwa maumivu tu. Nilikuwa namwona yeye kwenye ule mnyororo, anavuta goti lake kuja kuniamkia mwongo mimi.

Sauti yake ikapanda kutoka chini: "Usijiumize, mama!"

Siku ya pili jioni nikateremka mara ya mwisho nikishika ukuta. "Sasa tuko sawa?" nikamuuliza.

Akamimina chai, kikombe kimoja tu, akanywa yeye. "Bado. Mimi nilipanda kwa goti moja." Halafu akacheka kidogo, kwa pua. Nilikishukuru kile kicheko kuliko zawadi yoyote.

Ndugu zangu, kama umemdanganya mtu wako kwa jambo la kuchekesha, mwambie leo, kabla halijamvunja kiungo. Usisubiri likutie aibu kwenye TV. Na usidhani ukisamehewa ndiyo imekwisha. Mvua ikikaribia Houston, goti la Debora huanza kuuma, naye hunipigia hata nikiwa katikati ya kikao. Husema neno moja, "Linauma," kisha hukata.

Napokea kila mara.