Utamu Usiotoka Mdomoni

Papa, baba yangu, alikuwa karani wa posta hapa Kisangani, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza chai tamu. Mama, mzaliwa wa Opala, akamtafutia tunda jekundu la pembe tatu, linaloota karibu na udongo kwenye mmea ambao majani yake tunafungia liboke, yaani samaki wa kuokwa ndani ya majani. Ndani mna mbegu nyeusi zenye ute. Ukinyonya moja, kila unachokunywa kinakuwa kitamu kwa saa nzima, hata zaidi. Asubuhi moja Papa alinyonya yake, akanywa chai isiyo na sukari akiisifu, akaenda kazini.

Kabla ya saa sita alirudi akikimbia. Askari walikuwa wameasi. Tukavuka mto Tshopo kwa mtumbwi, tukaingia msituni.

Siku ya nne msitu ulinyamaza. Ndege hawakulia, wala vyura. Tulikuwa tumekaa kando ya kijito. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilinyonya mbegu ya tunda ambalo Mama alilichuma karibu na hapo, nikateka maji kwa kiganja.

"Mama, maji iko na sukari," nikasema kwa sauti.

Askari mmoja akatokea nyuma ya mti, bila kofia, bunduki mkononi. Hatukuwa tumesikia hatua zake.

"Sukari iko wapi?"

Maghala ya mjini yalikuwa yameporwa. Alidhani tumeficha gunia. Mama akamweleza kuwa ni tunda la pori tu, akamnyooshea mbegu. Askari akamwamuru Papa anyonye kwanza. Kisha akanyonya yeye, akainama, akanywa.

Akanywa tena. Akatema, akafuta ulimi kwa shati, akanywa mara ya tatu.

"Hii haiko tunda," alisema polepole. "Iko dawa. Papa, unionyeshe fasi inaota."

Papa alinigusa kichwa, akatangulia.

Tulingoja. Bunduki haikulia. Nilikunywa maji niondoe ule utamu.

Haukuondoka.

Jioni Mama alifuata nyayo zao. Zilikuwa za watu wawili mpaka kwenye ile mimea. Matunda hayakuguswa. Mbele ya hapo udongo ulikuwa laini, na haukuwa na alama yoyote.

Vita vilipoisha tulirudi mjini. Mama alikataa kuweka matanga. Alisema hamlilii mtu ambaye hajauona mwili wake. Aliishi miaka mingi, akafa akingoja. Katika miaka yote hiyo hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilisema kwa sauti. Ningetaka aniulize.