Kibati Namba Saba

Fundi Makochi, binti wa Mzee Magunia aliyetandika viti vyote vya jumba la mahakama na visibonyee mpaka mahakama yenyewe ilipohamishwa. Mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto mia nne na ushee bila kumpoteza mama hata mmoja. Dada wa marehemu mume wangu, ambaye jambo kubwa alilofanya duniani ni kunioa mimi. Huyo ndiye ninayemwandika. Mimi ni wifi yake. Nimekaa naye ua mmoja miaka thelathini na nane, tumegombania kamba ya nguo na tumegombania nani aliyemjua marehemu vizuri zaidi, kwa hiyo nikimsifu mjue anastahili, na nikimsema mjue nilikuwepo.

Kazi alifundishwa na baba yake akiwa na miaka kumi. Mshona makochi mikono yake yote ina shughuli, mmoja unavuta kitambaa, mwingine unagonga, na sindano ikiwekwa juu ya kochi inazama kwenye sponji na mteja ndiye atakayeikuta kwa makalio yake. Kwa hiyo mzee alikuwa akichomeka sindano kwenye ukingo wa kofia. Binti yake alichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, juu ya sikio la kulia. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe, kama wewe unavyofukuza nzi huku unaongea.

Nyumba ya matibabu ya vijana ilimpata kwa njia ya viti. Walimletea viti kumi na viwili vya chumba cha kungojea, akavirudisha vizuri kiasi kwamba wakamwomba awafundishe watoto. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja nyuma ya hospitali, kuta za kijani hadi usawa wa bega na nyeupe kwenda juu, madirisha yana nondo. Vijana waliletwa na wazazi, wengine na polisi, wakiwa wamekwisha kuharibiwa na gundi, vidonge na pombe kali. Walikaa miezi tisa. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kutapika na kulia katika chumba cha chini, ambacho mlango wake unafunguliwa kwa nje tu. Wakishatulia, asubuhi walikaa kikao na mshauri, na mchana wakaenda karakana: wengine useremala, wengine mikate, wengine kwa wifi yangu.

Karakana ya makochi ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Ukutani kulikuwa na ubao, na kila kifaa chenye ncha au makali kilikuwa na kulabu yake hapo, nyuma yake umbo lake limechorwa kwa rangi nyeupe. Kijana akichukua mkasi anatundika kibati chake chenye namba mahali pa mkasi. Saa kumi jioni vifaa vinarudi, vibati vinatoka, ndipo mlango unafunguliwa. Kifaa kikikosekana hatoki mtu. Msiseme ni ukali wa bure. Kabla ya wifi kuanza kazi, kijana mmoja alitoka na kisu cha sponji ndani ya soksi, na kilichofuata sikisemi watu wakiwa wanakula.

Walimu hawakuwa na vibati. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mwaka wake wa saba pale aliletewa msichana wa miaka kumi na saba. Wifi alimwita Springi, kwa sababu ukimkandamiza anaruka. Mama yake alishafariki, na shangazi aliyemleta alisema waziwazi getini kwamba akitoka asirudi kwake. Lakini alikuwa na mkono, huyo mtoto. Kona ya kiti ndiyo inayomuumbua fundi, maana kitambaa kinajikunja kinavyotaka chenyewe. Springi alikuwa anaikunja mara moja tu na inalala. Wifi, ambaye kwangu hata chai hakuwahi kuisifu, alirudi nyumbani siku moja akasema, "Yule mtoto ananikumbusha mimi." Nikamwambia basi tumwombee dua.

Mwenye duka la samani mjini aliona kigoda alichokishona, akasema aletewe mtoto huyo pamoja na cheti chake cha mtihani wa ufundi, ataanza kazi siku hiyo hiyo. Bila cheti asipelekwe, kwani alikwisha kuumwa na nyoka mara moja kwa watu wa kuletwaletwa. Mtihani ulifanyika mara moja kwa mwaka. Miezi tisa ya Springi ilikuwa inaisha mwezi mmoja baada yake. Hesabu haikuhitaji shule kubwa: akipata cheti ana kazi na pa kulala, kwa kuwa duka lilikuwa na chumba uani. Asipopata, getini kuna barabara tu.

Mtihani uliwekwa Jumatatu. Ijumaa kabla yake Springi alikuwa anashona mgongo wa kiti kwa sindano kubwa ya kupinda, na kibati chake, namba saba, kiko ubaoni. Wifi akasimama nyuma yake, akaichukua sindano mkononi mwake, akamwonyesha namna ya kukaza uzi kwenye kona, mishono mitatu. Mara springi ya kweli ikafyatuka kwenye meza nyingine, mtu akapiga ukelele, wifi akaenda kutazama.

Saa kumi kibati namba saba kilikuwa bado kinaning'inia na sindano haipo.

Springi alisema, "Mama, uliichukua wewe. Ulinionyesha kona, ukaondoka nayo."

Wifi akamtazama kuanzia miguuni. "Mimi nimeshika sindano kabla mama yako hajavunja ungo. Sijawahi kupoteza hata moja."

Wenzake wakacheka. Nesi akaitwa, wakapekuliwa wote: nywele, viatu, pindo za sketi. Sponji zilipasuliwa. Mwalimu hakupekuliwa, maana mwalimu ndiye aliyekuwa anapekua. Mkuu wa nyumba alipofika na kuelezwa maneno ya mtoto alisema wote husema hivyo. Pale ndani mtu mwenye ugonjwa ule akisema kweli na akisema uongo sauti ni ile ile, na walikwisha kuchoka kutofautisha. Springi akashushwa chumba cha chini.

Jioni ile wifi alinisimulia yote huku anavua viatu, jinsi katoto kale kalivyotaka kumbandika wizi mbele za watu. Nami nilimwitikia. Nilisema watoto wa siku hizi hawana haya. Hilo nililisema mimi, kwa kinywa changu.

Jumamosi jioni alikuwa anafua vitambaa vyake vya kichwa uani, mimi nachambua maharage kando yake. Alipotoa mkono kwenye beseni damu ilikuwa inachuruzika kidoleni, na sindano ya kupinda iko kwenye kiganja, inang'aa.

Nilimwambia ainuke aende, geti linafungwa saa moja.

"Wifi, nitawaambia nini?"

"Waambie ulichoniambia mimi."

"Sijakuambia kitu."

Na kweli, tangu aitoe sindano hakuwa ameniambia kitu. Aliikausha sindano kwa upindo wa nguo akaiweka kwenye kopo la vifungo. Jumapili nzima hakutoka chumbani. Nilipomgongea alisema anaumwa kichwa, nikamjibu ndicho kinachostahili kuuma.

Mpango wake niliujua Jumatatu alipokwisha kuutekeleza. Alifika karakana saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi akamfungulia, akaitundika sindano kwenye kulabu yake na kukiondoa kibati. Akilini mwake mkuu angeiona, angesema kumbe ipo, na mtoto angepandishwa kabla ya mtihani bila mtu yeyote kuaibika. Ndivyo alivyofikiri mwanamke mwenye akili kuliko wanaume wote wa ukoo wao.

Mkuu alifika saa moja, akauona ubao. Ijumaa haipo, leo ipo. Akawapanga vijana akawauliza ni nani aliyeirudisha. Akasema basi mwizi ana mwenzake humu ndani, na Springi atabaki chini mpaka amtaje. Wakamfuata mtoto kule chini wamwulize mwenzake ni nani, na hakuwa na wa kumtaja. Wifi alikuwa amesimama kando ya mkebe wa gundi. Aliniambia mdomo ulifunguka, lakini ulimi ulikuwa kama kipande cha gunia.

Saa mbili mtahini akaingia, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni. Meza sita, vigoda sita, vijana watano.

"Na hapa?" akauliza.

"Anaumwa," wifi akasema.

Mtahini akapiga mstari juu ya jina. Wifi alisema aliisikia kalamu inavyokwaruza karatasi, na mpaka leo, mtu akiandika karibu naye, anaondoka.

Saa sita alikwenda ofisini akasema. Alisema yote, na ile ya Jumamosi pia. Mkuu alipiga simu, lakini mtahini alikwisha kuondoka, na jibu likawa mwakani. Springi akapandishwa. Wifi akamwomba radhi mbele ya karakana nzima, amesimama, mikono chini. Mtoto alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikwambia, mama," alisema. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Mwezi uliobaki aliendelea kushona, ila sindano ya kupinda hakuigusa tena. Alikuwa anashona kwa ya kawaida, polepole, vidole vinachubuka. Wifi alikwenda mwenyewe kwa mwenye duka, akajisema. Yule bwana alisikitika, lakini nafasi alishampa mmoja wa wale watano. Siku ya kutoka tulimleta Springi hapa kwetu, nikamtandikia. Alikaa siku nne. Alinisaidia kuosha vyombo, akakunja shuka lake vizuri, akaondoka na kigoda chake. Wiki moja baadaye wifi alikiona kigoda kwa kinyozi, mteja amekikalia. Alikitambua kwa kona.

Tulimwona mara mbili, nyuma ya maduka ya vyuma, chupa ya gundi puani. Mara ya kwanza alitusalimia kwa adabu. Mara ya pili hakutujua. Mara ya tatu waliokuwa wanalala pale walisema amebebwa na gari. Gari gani, hawakujua. Tuliuliza hospitali, tuliuliza kituoni, tuliuliza na pale wanapouliza waliokata tamaa.

Wifi aliendelea kufundisha miaka kumi na mmoja zaidi. Tangu siku ile hakufunga tena kitambaa kichwani akiwa kazini. Alikwenda na mvi zake wazi, yeye ambaye alikuwa anajipaka hina kwa siri na kunidanganya ni maumbile.

Mwaka jana macho yakaingia ukungu. Karakana ikapewa Kushoto, mmoja wa wale watano, aliyekaa meza ya jirani na Springi. Sasa ni mama wa watoto wawili, na ni fundi kweli. Wifi akamwita hapa nyumbani kumkabidhi ufunguo. Mimi nilikuwa mlangoni nasuka ukili wa mkeka.

Kushoto alipokea ufunguo asiuweke mfukoni. Aliugeuzageuza.

"Niliiona, mama," akasema. "Ijumaa ile. Ilikuwa hapo, juu ya sikio lako."

Wifi akageuza uso kuelekea ile sauti. "Na hukusema."

"Nilikuwa na mtihani Jumatatu."

Nilidhani atamfukuza. Badala yake alipapasa kwenye kifua cha gauni lake, anapoweka vitu vyake, akatoa kibati namba saba, kimelainika kwa kushikwashikwa. Akautafuta mkono wa yule binti akakiweka juu ya ufunguo.

"Hiki sasa ni cha mwalimu," akasema. "Ukichukua kitu mkononi mwa mtoto, hata kwa mishono mitatu, kitundike hiki kwanza. Na saa kumi jioni, kabla hujampekua yeyote, mwite yule aliyefika karibuni kuliko wote, yule ambaye hana cha kupoteza. Akupekue wewe. Kichwa, kola, pindo. Usicheke, na usimharakishe."

Kushoto akasema amesikia.

"Leo vijana umewaacha na nani?"

"Na nesi."

"Basi rudi. Saa kumi inakaribia."