Kijani Juu ya Kijani

Wasee, leo nimeaibishwa na nyanya mmoja mbele ya watu!

Nawatumia emaili hii mbio mbio, dakika nilizolipia hapa saiba zinaisha.

Mnajua lile bango nililopaka kule Boito, kwenye kituo cha kuuza majani chai. Herufi za kijani nyepesi juu ya kijani nzito, lifanane na shamba. Kamati ya kituo ilinipigia makofi.

Leo asubuhi, kwa rangi hiyo hiyo, nikaandika hapo kwamba lori la kubeba majani haliji: LEO HAKUNA LORI.

Saa saba, Kogo, nyanya wa jirani, akafika na kikapu kimejaa majani. Amechuma tangu alfajiri. Macho yake siku hizi ni dhaifu.

Akasogea, akalipapasa bango.

"Umepaka vizuri, kijana wangu," akasema. "Sasa utaandika lini?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa naangalia kikapu. Majani hayo kesho yatakuwa yamenyauka, karani wa kuyapima atayakataa.

Nikachukua rangi nyeupe, nikaandika upya, herufi kubwa. Kogo akasoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Lakini situlii. Mwezi jana nilipaka mlango wa kliniki ya macho.

Herufi za njano juu ya nyeupe.

Kuna mgonjwa yeyote amewahi kuziona?