Viti vya Pijo ya Baba

Ninyi mliokua enzi zetu mtanielewa, maana hawa wa leo nimeshindwa nao. Tulipokuwa wadogo mtaani Waithaka, Jumamosi asubuhi haikuwa ya kulala. Baba, karani wa serikali asiyekuwa na mchezo, aliegesha Pijo yake chini ya mkaratusi, akafungua milango yote, na sisi watoto tukaitwa. Si kuosha gari, hiyo ilikuwa kazi rahisi. Tuliitwa kutoa doa kwenye kiti.

Viti vyenyewe vilikuwa vya kitambaa cha rangi ya maziwa, vile vile vilivyotoka kiwandani, na baba alivipenda kuliko baadhi ya wajomba zetu. Ndiyo maana mama, ili kuvilinda, akavifumia vitambaa vya uzi mwekundu kama vile vya makochi ya sebuleni. Nani Nairobi hii hakukua na vitambaa hivyo? Hata redio yetu ilivishwa. Basi Jumapili moja tukanyeshewa tukitoka kanisani, tukaingia garini na sweta zinazotiririka maji. Tulipofika nyumbani, uzi ulikuwa umechuja rangi na kiti chote cha nyuma kimejaa maua mekundu. Mama alilia. Baba alikwenda moja kwa moja jikoni kutafuta siki.

Toka siku hiyo, kila Jumamosi ni maji baridi, siki kidogo na kitambaa cheupe. Baba alijaribu kwanza chini ya kiti, pasipoonekana. Halafu unagusa doa, unainua, unageuza upande safi, unagusa tena, ukitoka pembeni kwenda katikati.

"Gusa! Usisugue!" alifoka. "Unasugua kwani ni sufuria?"

Mikono yetu ilinuka siki hata shuleni. Doa lilififia polepole, mpaka ukabaki wekundu hafifu ambao mgeni asingeuona bila kuonyeshwa. Siku hiyo mama alicheka, akatukaangia mandazi, na vile vitambaa akavifumua vyote.

Sasa wazee wametutoka, nyumba ya Waithaka iliuzwa, na Pijo iko kwa ndugu yangu Mutua huko Loresho. Juzi alinipigia simu kwa furaha. Binti yake Mwende anaolewa, na atapelekwa kanisani na gari la babu yake.

"Nduku, nimeipeleka kwa fundi hapa Hurlingham," akasema. "Naweka viti mpya, nyeusi, za kung'aa. Si unajua hiyo ya nyuma iko na doa?"

Doa! Mutua huyu huyu, aliyechapwa kwa kusugua! Nilikasirika hata nikatoka nyumbani na malapa miguuni. Vijana wa leo wakibadilisha kila kitu kinachopata alama, simu, viti, hata wachumba, nitasema hawajui. Lakini mtu wa rika langu?

Kwa fundi nilikuta viti vya mbele vimeshachunwa na kuvalishwa plastiki inayonuka kama duka la viatu. Kile cha nyuma kilikuwa nje, fundi ameshika wembe. Nikakikalia.

"Mathe, si uamke nimalize kazi?"

"Kata. Lakini anza na mimi."

Alicheka. Alipoona sitanii, akampigia Mutua, naye akaja amefura.

"Nduku, unaniaibisha mbele ya watu!"

"Wewe ndiye unajiaibisha. Mama amebakisha nini kingine hapa duniani? Huu wekundu ni uzi wake, na tuliutoa kwa vidole vyetu, wewe ukiwemo. Unataka kuutupa kwa takataka?"

 Mutua aliinama, akaugusa ule wekundu kwa kidole, bila kusugua. Kisha akamwambia fundi akirudishe kama kilivyokuwa.

Nilidhani yameisha. Jana Mwende akanipigia.

"Auntie, kwani gauni yangu white itakaa kwa hiyo kiti? Zii, mimi nitakaa mbele na driver."

Hasira zikanipanda upya, kisha nikachoka. Na akae mbele. Nyuma nitakaa mimi. Zamani tulibanana hapo watoto wanne, na kuku wa kutoka Machakos amefungwa miguu, tukigombania dirisha mpaka baba atishie kutushusha. Siku hizi kuna nafasi tele.